Dada anashuka stendi ya Moshi: namna ya kupanga muziki wa filamu ili mtazamaji ahisi unachotaka

Chukua picha hii. Basi linaingia stendi ya Moshi saa kumi na moja jioni. Dada wa miaka kama 30 anashuka na begi moja dogo. Anasimama, anageuka kutazama upande wa mlima. Wingu limeachia kidogo na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana. Anavuta pumzi, kisha anavuka barabara. Sekunde 40, hakuna neno hata moja.

Itazame kwanza na sauti za stendi tu: wapiga debe, honi, muuza maji anayeita. Utajua amefika, basi. Sasa weka chini ya picha hiyohiyo kwaya ya sauti nne ikiimba midomo imefumbwa, polepole. Amerudi nyumbani, na huenda kuna msiba. Ondoa kwaya, weka noti moja nzito ya besi inayovuma bila kubadilika. Mara macho yako yanamwacha dada na kuanza kukagua watu waliosimama nyuma yake, maana lazima kuna anayemfuata. Ondoa besi, weka gitaa la dansi lenye mwendo wa kutembea: amekuja kuanza maisha, na begi dogo lile sasa ni dalili ya uhuru.

Uso wa dada haujabadilika hata kidogo. Picha iliacha swali wazi (amefuata nini huku?) na muziki ukalijibu kabla mtazamaji hajajua kwamba ameuliza. Kwa sababu hiyo kazi yote inaanzia kwenye swali. Anayeanza kwa kutafuta sauti ya huzuni kwenye kinanda ameruka hatua ya kwanza, na mara nyingi atapata muziki mzuri usioitumikia filamu.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa picha zisizo na uso kabisa. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel walitengeneza katuni fupi ya pembetatu mbili na duara zinazozunguka karibu na mstatili, na watazamaji wakazisimulia kama watu: huyu mkorofi, yule mwoga. Mwaka 1988 Marshall na Cohen wakawaonyesha watu katuni hiyo ikiwa na muziki wa aina tofauti, na hukumu za watazamaji kuhusu maumbo yale zikabadilika kufuatana na muziki uliosikika. Ikiwa muziki unaweza kuipa pembetatu tabia, fikiria unachoweza kumfanyia mwigizaji wako.

Arusha ina mfano wake wa jirani. Filamu ya Hatari! ya mwaka 1962 ilipigwa kwa sehemu kubwa Tanganyika, na maeneo ya Momella chini ya Mlima Meru yamo. Kuna sini ambamo ndovu watoto wanamfuata mwanamke kwenda majini. Ndovu kwenye filamu anaweza kuwa tishio, anaweza kuwa fahari ya pori. Henry Mancini aliandika melodi nyepesi, klarineti ikichezea juu ya besi ya bugi-wugi, na ndovu wale wakageuka watoto watukutu wanaomfuata shangazi. Wanyama hawakufundishwa kuchekesha. Muziki ndio uliotuambia tuwatazame vipi.

Anza na karatasi

Subiri uhariri wa picha ufungwe, yaani shoti zisibadilishwe tena, au ukaribie sana kufungwa. Muziki uliopimwa kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) unaharibika mhariri anapopunguza nusu sekunde mahali, na utaanza upya. Kisha tazama filamu yote mara tatu: mara ya kwanza bila kuandika kitu, mara ya pili ukiandika, mara ya tatu ukiwa umeipa skrini mgongo, unasikiliza tu. Hiyo ya tatu wengi huiruka, na ndiyo inayokuonyesha sini ambazo sauti za mazingira tayari zinafanya kazi na hazihitaji msaada.

Kwa kila mahali unapodhani panahitaji muziki, andika mambo matano: muda wa kuanza na wa kumaliza kwa dakika, sekunde na fremu, mhusika anajua nini, mtazamaji anajua nini, swali gani liko wazi, na jibu lako kwa sentensi moja. Kwa dada wa stendi jibu linaweza kuwa: "Anaogopa kwamba nyumbani hawatamtambua." Hilo ni jibu linaloweza kutungiwa. "Huzuni" peke yake ni neno pana mno, maana huzuni ya msiba, ya aibu na ya kuachwa hazina mwendo mmoja.

Tofauti kati ya anachojua mhusika na anachojua mtazamaji ndiyo inayokuambia muziki usimame upande gani. Ukicheza anachohisi dada, mtazamaji anaingia ndani yake. Ukicheza asichokijua, tuseme kaka yake ameuza shamba la kahawa na hajamwambia, mtazamaji anasimama mbali naye na kumhurumia. Chagua upande mmoja kwa kila kipande. Ukijaribu pande zote mbili ndani ya sekunde 40 unapata ukungu.

Ukimaliza, jumlisha dakika. Filamu ya dakika 90 yenye dakika 80 za muziki imejifunga yenyewe, kwa sababu sikio huacha kusikia kitu kisichokatika, kama vile mtu anayeishi jirani na soko la Kilombero, Arusha, asivyosikia tena kelele zake. Dakika 30 hadi 40 zinatosha tamthilia nyingi za kifamilia. Filamu ya kutisha au ya mapigano inaweza kuhitaji zaidi.

Kuingia na kutoka

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuanzisha muziki pale pale shoti inapobadilika. Jicho limegutuka, sikio limegutuka, na mtazamaji anajua kwamba mtu ameweka muziki. Ingiza kwenye wazo: pale macho ya mhusika yanapohama, pale anapoacha kutafuna, pale anapotambua sauti ya mtu. Au ficha mwanzo ndani ya sauti nyingine. Basi linaposimama breki za hewa hutoa mfyonyo mrefu. Anza noti yako ya kwanza ndani ya mfyonyo huo, ipandishe taratibu kwa sekunde 2 hadi 4, na mfyonyo ukiisha muziki utakuwa tayari upo bila mtu kujua ulifikaje.

Kutoka ni kugumu zaidi. Ukikata ghafla unasema "tazama hapa", kwa hiyo kata ghafla pale tu unapotaka kusema hivyo. Vinginevyo acha noti ya mwisho ife yenyewe kwa sekunde 1 hadi 3 na iingie kidogo kwenye sini inayofuata, chini ya sauti za mazingira mapya.

Njia moja inayofaa sana kwa filamu zetu ni kuanza na muziki ulio ndani ya hadithi yenyewe. Kwenye kibanda cha mama ntilie pembeni ya stendi kuna redio. Muziki unatoka humo, mwembamba, wa spika ndogo. Ili usikike hivyo, tumia ekwalaiza kukata sauti nzito zilizo chini ya hezi 300 na sauti nyembamba zilizo juu ya hezi 4,000, na uufanye mono, yaani mkondo mmoja usiogawanyika kushoto na kulia. Dada anapopita kibanda na kutazama mlima, fungua makato hayo polepole kwa sekunde 4 hadi 6 mpaka besi na sauti za juu zirudi na muziki utanuke pande zote mbili. Redio imekuwa moyo wake. Ukifungua kwa sekunde moja itasikika kama kosa la fundi mitambo, na ukifungua kwa sekunde 15 hakuna atakayegundua badiliko.

Kutunga: unacheza na nini hasa

Kama umepitia kwaya ya kanisa, sol-fa (do, re, mi, fa, so, la, ti) inatosha kueleza mengi ya hapa.

Mwendo kwanza. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na mwendo wa muziki ulio ndani ya kiwango hicho haumshtui mtu. Chini ya 60 mwili unangoja. Juu ya 120 mwili unakimbia. Kinachofanya kazi kuliko mwendo wenyewe ni badiliko lake: anza kwa mapigo 70 na upande hadi 90 ndani ya dakika moja, mtazamaji atakaa mbele kwenye kiti bila kujua sababu. Ukiruka kutoka 70 hadi 120 kwa mkupuo atajua umembadilishia wimbo. Mwendo pia unanyoosha au kukunja muda. Shoti ya sekunde 40 yenye noti ndefu bila mdundo inaonekana ndefu, na ileile ikiwekewa mdundo wa kawaida inapita haraka. Mhariri akikuambia sini inachosha, jaribu mdundo mdogo wa kayamba kabla hajakata picha.

Pili, umbali kati ya noti na noti. Mi kwenda fa, au ti kwenda do, ni nusu hatua. Ikirudiwarudiwa chini kabisa kwenye sauti nzito, mwili unaisoma kama kitu kinachokaribia. Do kwenda so ni uwazi, tambarare ya Longido inayoonekana hadi mwisho wa macho. Fa na ti zikipigwa pamoja hazitulii, zinadai kutatuliwa, na ukizinyima utatuzi mtazamaji anabaki na mzigo huo hadi sini inayofuata.

Tatu, ngazi. Utaambiwa kwamba ngazi inayoanzia do ni ya furaha na inayoanzia la ni ya huzuni. Mara nyingi ni kweli, lakini usiitegemee hapa kwetu. Tenzi nyingi zinazoimbwa makaburini Machame, Marangu au Meru zimejengwa juu ya do, na mtazamaji wa Moshi amezisikia akiwa amesimama mbele ya jeneza la mtu wake. Kwake kwaya ya do inayokwenda taratibu, sauti ya tatu ikishuka kidogo, inakata zaidi kuliko nyuzi za kinanda za ngazi ya la, ambazo amezisikia kwenye kila tamthilia ya mapenzi. Huzuni ya muziki hukaa pia kwenye kumbukumbu za anayeusikiliza.

Nne, ala. Kila ala hukaa umbali fulani kutoka mwili wa mtu. Sauti ya binadamu isiyo na maneno iko karibu kuliko zote. Zeze na filimbi zina pumzi na mkwaruzo, zinafaa upweke wa mtu mmoja. Marimba ya mkononi kama ya Wagogo inazunguka mahali pamoja na inafaa mawazo yanayojirudia, mtu anayehesabu pesa usiku. Kinanda cha nyuzi bandia kinafaa kujaza nafasi nyuma ya ala halisi, na kikiachwa peke yake mbele, masikio yanakishtukia ndani ya sekunde chache kwa sababu kila noti inaanza sawasawa na nyingine. Hata ala moja halisi juu yake, filimbi moja tu, inafunika kasoro hiyo.

Hapa lazima tuseme jambo kuhusu nyimbo za asili, kwa sababu linaharibu filamu nzuri. Wimbo wa Wamaasai wenye sauti nzito za wanaume na kiongozi anayeitikiwa una nguvu kubwa, na kwa sababu hiyo unabandikwa kwenye kila picha ya Arusha, hata picha ya soko la mboga la Wameru. Watu wa hapa wanasikia kosa mara moja. Vivyo hivyo mhusika wa Machame akisindikizwa na wimbo wa Kirombo: mtazamaji wa Masaki, Dar es Salaam, huenda asijue, wa Moshi mjini atacheka katikati ya kilio. Kabla ya kutumia wimbo, mtafute mzee wa eneo hilohilo na umuulize mambo matatu. Unaimbwa lini? Nani anaruhusiwa kuuimba? Maneno yanasema nini? Wimbo wa jando kwenye harusi ni aibu ambayo hakuna fundi mitambo atakayeiondoa. Ukitaka ngoma nyuma ya waimbaji wa Kimaasai, jua pia kwamba uimbaji wao wa asili hausimami juu ya ngoma. Ngoma utakayoiongeza ni yako, na itasikika hivyo.

Hesabu ya mapigo na fremu

Kamera nyingi hapa zimewekwa fremu 25 kwa sekunde. Gawa 1,500 kwa mapigo ya dakika, utapata fremu ngapi ziko kwenye pigo moja. Mapigo 60 yanatoa fremu 25 kamili, 75 yanatoa 20, 100 yanatoa 15, 125 yanatoa 12. Mapigo 120 yanatoa 12.5, na nusu ile itakusumbua ukitaka shoti zikatwe kwenye pigo. Ukiweza kuchagua, chagua mwendo unaogawanyika sawasawa.

Turudi stendi. Dada anageuka sekunde ya 12, anavuta pumzi ya 18, anaanza kuvuka ya 24. Kwa mapigo 60 na hesabu ya nne, yaani mapigo manne kwa kila kipimo, kila kipimo kina sekunde 4. Kipimo cha nne kinaanza sekunde ya 12, anapogeuka. Cha saba kinaanza sekunde ya 24, anapovuka. Pumzi inaangukia pigo la tatu la kipimo cha tano. Haya yametokea kirahisi kwa sababu namba ni nzuri. Kama angegeuka sekunde ya 13, chukua mapigo 12 unayotaka yapite kabla ya hapo, gawa kwa sekunde 13, zidisha kwa 60: mapigo 55.4 kwa dakika. Programu yoyote ya muziki inakubali desimali.

Kisha jizuie. Kati ya matukio hayo matatu gusa moja, labda mawili. Muziki unaopiga kwenye kila hatua na kila mgeuko ni wa katuni, na utamfanya dada kuwa kichekesho. Kwenye tukio ulilochagua, acha noti ifike fremu 2 hadi 4 baada ya picha. Ikitangulia inatangaza kitakachotokea. Ikichelewa kidogo mtazamaji anadhani hisia imetoka kwake.

Kuna pia ahadi unayoweka na mtazamaji. Kwenye Jaws ya mwaka 1975 John Williams alimpa papa noti mbili zilizoachana nusu hatua. Watoto wanapowatishia waogeleaji kwa pezi la bandia, noti hizo hazisikiki. Mtazamaji anajifunza kuziamini, na papa anapokuja kutokea bila muziki kabisa, kinga yake imevunjika. Ukimpa mhusika melodi yake, iweke fupi, noti 3 hadi 6, ionyeshe mapema wakati hakuna jambo kubwa, na usiitumie kumdanganya mtazamaji kabla hajaizoea. Watungaji wengi wanaoanza huipiga melodi ya adui kwenye kila mlango unaofunguka. Ikifika mara ya nne bila adui, haiogopeshi mtu tena.

Kimya ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Ukitaka mshtuko, ondoa muziki sekunde 2 hadi 5 kabla yake na uache mazingira tu, chura, upepo kwenye migomba. Kimya cha sekunde moja hakitoshi, sikio halijapata muda wa kuanza kutafuta. Usiache kimya kitupu cha kidijitali pia, kwa sababu kwenye spika kinasikika kama waya umechomoka. Rekodi sekunde 30 za utulivu wa kila eneo ulilopigia picha, zitakuokoa.

Kurekodi kwaya na ala

Ukumbi wa kanisa una mwangwi ambao programu huiga kwa shida. Watu 12 wapange nusu duara, maiki mbili mbele yao umbali wa mita 2 hadi 2.5, zikiwa zimeinuliwa juu kidogo ya vichwa na kuelekezwa chini. Ukiwa karibu zaidi utasikia watu badala ya kwaya. Ngoma moja inatosheka na maiki moja umbali wa sentimita 60 hadi 80. Rekodi kwa kilohezi 48, biti 24, na uache vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -6 (sifuri ndiyo kikomo cha rekoda). Kinachopasuka wakati wa kurekodi hakirudishiki.

Zima friji ya ofisi ya jirani na taa za mirija, zote zinavuma. Kuwa na rekoda ya betri ili umeme ukikatika katikati ya kipande kizuri usipoteze watu 12 waliokuja baada ya kazi. Na tazama mbingu. Wakati wa masika mvua juu ya bati hufunika karibu masafa yote ya sauti, na hakuna kichujio cha kuitenganisha na kwaya. Kwenye filamu yenyewe kanuni ni ileile: sini yenye mvua ya bati itameza zeze na marimba, itaacha ngoma nzito tu. Chagua mvua au muziki, na mara nyingi mvua inashinda.

Waombe waimbe kila kipande kwa namna tatu: kwa maneno, kwa "aa", na midomo imefumbwa. Ya maneno haitafaa chini ya mazungumzo. Akili haiwezi kufuata Kiswahili cha wimbo na Kiswahili cha mwigizaji kwa wakati mmoja, na mtazamaji ataacha kimoja. Mara nyingi ataacha cha mwigizaji.

Kuchanganya

Mazungumzo kwanza, muziki umezimwa. Yakae sawa filamu nzima ndipo ufungue muziki. Chini ya mtu anayeongea muziki uwe desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti yake. Asipoongea unaweza kupanda hadi ukaribie kiwango cha mazungumzo. Mshuko uanze karibu nusu sekunde kabla ya neno la kwanza, mpando uanze baada ya neno la mwisho, na kila mmoja uchukue sekunde nzima au zaidi. Ukiuachia kompresa (kifaa kinachoshusha sauti chenyewe) ifanye kazi hiyo haraka, muziki utakuwa unapumua kila neno linapotoka, na hilo linachosha sana.

Kushusha peke yake hakutoshi kama ala imekaa mahali sauti ya mtu ilipo. Maneno hueleweka kwa sehemu kubwa kati ya hezi 1,000 na 4,000. Punguza muziki desibeli 3 hadi 5 hapo wakati wa mazungumzo tu, na utashangaa jinsi unavyoweza kuuacha na nguvu bila kufunika neno. Bora zaidi, tunga hivyo tangu mwanzo: besi na noti ndefu za chini wakati wa maneno, filimbi na gitaa la solo kwenye nafasi kati ya sentensi.

Halafu jaribu kwenye vifaa vya watu. Spika ya simu karibu haitoi chochote chini ya hezi 200, kwa hiyo ile besi iliyomfanya dada aonekane anafuatwa haipo kabisa, na sini yako imerudi kuwa mtu aliyeshuka kwenye basi. Ongeza noti ileile oktavu moja au mbili juu kwa sauti ndogo, au ikwaruze besi kidogo ili itoe mawimbi ya juu ambayo simu inaweza kuyatoa. Sikiliza pia kwa mono. Sauti za kinanda zilizopanuliwa sana pande mbili hufifia au kupotea zikiunganishwa, na televisheni nyingi za vibandani zina spika moja inayofanya kazi. Jaribio la tatu ni basi. Filamu hutazamwa kwenye mabasi ya safari ndefu, Arusha hadi Dar es Salaam, juu ya muungurumo wa injini. Cheza rekodi ya injini chumbani huku filamu ikienda. Vipande vyako vya taratibu vikizama, tengeneza toleo la pili ambalo tofauti ya sauti ndogo na kubwa imepunguzwa. Kwa YouTube, lenga wastani wa karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), kwa sababu kinachozidi hapo hushushwa, na usiruhusu kilele kipite desibeli -1.

Haki zinakuja mapema kuliko watu wanavyodhani. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya aliyetunga na ya mwenye rekodi, na unahitaji ruhusa zote mbili. Kulipia nakala au kuambiwa kwa simu "tumia tu" hakukupi hata moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo inayosimamia, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuanzia maswali. Kwa kwaya andikianeni kabla ya kurekodi: malipo, majina kwenye orodha ya mwisho, na filamu itaonyeshwa wapi. Wimbo maarufu una hatari nyingine hata ukiupata bure. Kila mtazamaji anakuja na harusi yake na mpenzi wake wa zamani ndani ya wimbo huo, na kwa sekunde 40 hatakuwa na dada yako kabisa.

Muziki wa muda, ule mhariri anaouweka ili kuhariri nao, uondoe mapema. Mwongozaji akiusikia kwa wiki tatu anaupenda, na utakachotunga wewe kitakuwa kibaya kwa kuwa si ule. Mwache akueleze kinachomvutia humo, mwendo, uzito au mahali unapoingia, kisha usiusikilize tena.

Jaribio la mwisho linahitaji watu watano ambao hawajaiona filamu, na angalau wawili wasiwe wanamuziki. Waonyeshe sini tu. Usiulize muziki ulikuwaje, kwa sababu kila mtu atasema ulikuwa mzuri. Uliza: "Huyu dada anaogopa nini?" au "Amefuata nini?" Linganisha majibu na sentensi uliyoandika kwenye karatasi. Wanne wakisema kitu kilicho karibu na sentensi yako, funga kipande hicho. Wakitofautiana, rudi kwenye mwendo na ala kabla ya kugusa kiwango cha sauti. Mtu akianza kwa kusema "muziki umenigusa sana" kabla hajamtaja dada, ushushe desibeli 3 na uwaonyeshe wengine watano.